Hivi Rais Andrew Jackson na Seyyid Said walijuana vipi hadi wakasainiana mkataba 1833?

Kijana wa Tandika

Wakuu salaam, naomba wanaoijua historia wanisaidie hapa maana kichwa kimegoma. Huyu Andrew Jackson, rais wa saba wa Marekani, yule wa noti ya dola 20 mwenye nywele zimesimama, mi nilikuwa namjua kama mbabe tu, mwanajeshi, mtu wa kutwangana bastola, aliyewatimua Wahindi Wekundu kwenye ardhi yao halafu akaenda zake kulala. Sasa kumbe kwenye utawala wake, 1829 mpaka 1837, ndo Marekani iliposaini mkataba na Seyyid Said bin Sultan, yani dola iliyokuwa imeshika Omani, Zanzibar na huu mwambao wetu. Ni tarehe 21 Septemba 1833, Maskati. Wakati huo Dar yenyewe haipo, hapa ni Mzizima, wavuvi na minazi.

Swali langu, mtu wa Tennessee huko bara ndani kabisa alikuwa anatafuta nini kwa Sultan? Sera yake ya nje ilikuwa ubabe uleule wa nyumbani au akigeukia nje anakuwa mtu mwingine? Na Sultan naye alipata nini, au ndo tulishaanza kupigwa tangu enzi hizo? Wale wa "si ukagugo" naomba mpite kushoto, nataka watu waongee.

Msomi wa Daladala

Alikuwa anatafuta hela. Uzi ufungwe.

Mwl Mstaafu Temeke

Msomi hajakosea ila kijana kauliza vizuri, acha nimpe kirefu kidogo.

Huyo bwana kwanza jua alikotoka. Kazaliwa 15 Machi 1767 sehemu inaitwa Waxhaws, mpakani mwa zile Carolina mbili, baba yake kafariki wiki chache kabla yeye hajazaliwa. Vita vya uhuru vimemkuta ana miaka 13, akawa anabebea wanamgambo barua, 1781 Waingereza wakamdaka yeye na kaka yake Robert. Afisa mmoja wa Kiingereza akamwamuru amsafishie viatu, dogo akagoma, yule afisa akamshushia upanga, ukamchana mkono na kichwa, makovu yale kaenda nayo kaburini. Robert akafa kwa ndui, kaka yao mwingine Hugh alishafia vitani, mama akaenda Charleston kuuguza wafungwa wa vita na yeye akapata maradhi hukohuko akafa. Kwaiyo ana miaka 14 ni yatima, hana baba hana mama hana ndugu wa tumbo moja. Ukisikia Jackson anawachukia Waingereza usidhani ni siasa za jukwaani.

Akasoma sheria, akawa mwendesha mashtaka, mbunge, jaji, jenerali. Mwaka 1806 kwenye kupigana bastola na mtu anaitwa Charles Dickinson alikubali apigwe yeye kwanza, risasi ikamuingia kifuani karibu na moyo, akasimama akalenga akamuua mwenzake. Ile risasi haikutolewa, kaishi nayo mpaka mwisho. 8 Januari 1815 akawachapa Waingereza New Orleans, na mkataba wa amani ulishasainiwa Ghent tangu 24 Desemba ila habari zilikuwa bado ziko baharini. 1818 akaingia Florida, mali ya Uhispania hiyo, anawafukuza Waseminole, wenyeji wa huko, akawakuta Waingereza wawili huko, Arbuthnot na Ambrister, akawafungulia kesi ya kijeshi, mmoja kanyongwa mwingine kapigwa risasi. Washington ikawaka moto, wengine wanataka aadhibiwe, aliyemkingia kifua ni John Quincy Adams, waziri wa mambo ya nje, na mwaka uliofuata Uhispania wakasaini kuiachia Florida.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa urais si ungetegemea vita kila Jumatatu? Wapi. Miaka yote minane hakupigana na taifa lolote la Ulaya. Kwenye ujumbe wake wa kwanza kwa bunge, Desemba 1829, alisema msimamo wake kwa mataifa ni kutoomba kisicho haki na kutokubali kuonewa. Na "haki" kwa lugha yake mara nyingi ilimaanisha madeni na bandari.

Chukua Ufaransa. Enzi za Napoleon Wafaransa walikamata meli nyingi sana za wafanyabiashara wa Marekani, marais waliotangulia wakadai wee wakachoka. Jackson akakomaa, 4 Julai 1831 Ufaransa wakasaini kwamba watalipa faranga milioni 25. Awamu ya kwanza ilipofika, 1833, hamna hela, bunge lao halijapitisha. Desemba 1834 Jackson akaliandikia bunge lake akaomba sheria ya kukamata mali za Wafaransa wasipolipa, yani mama mwenye nyumba wa Manzese kabisa, tarehe moja yuko mlangoni kashika kufuli. Wafaransa wakanuna, wakamwita balozi wao arudi, bunge lao likapitisha hela ila likaweka sharti kwamba Jackson ajieleze kwanza. Yeye kuomba radhi hataki. Mwishowe akatuma ujumbe bungeni Desemba 1835 akisema hakukusudia kumtisha wala kumtukana mtu, Waingereza wakaingia kati kusuluhisha, 1836 mzigo ukalipwa. Denmark nayo ilishakubali kulipa tangu 1830, Naples 1832, nao ni mambo hayohayo ya meli za zamani.

Kinachonishangaza mimi zaidi ni Waingereza wenyewe. Mtu aliyemwachia kovu kichwani, ungedhani atamkazia kuliko wote, lakini kwenye ishu ya biashara na visiwa vya Karibi alituma ujumbe wa upole kabisa, wakaongea, na 1830 bandari zile zikafunguliwa kwa meli za Marekani, kitu ambacho Adams aliyemtangulia, mwanadiplomasia aliyebobea, alishindwa kukipata. Mwaka huohuo Mei wakasaini na Waturuki kupata Bahari Nyeusi. Kwaiyo Zanzibar isiangaliwe peke yake, ni mwendelezo wa huo mnyororo. Alikuwa anafungua maduka.

Binti Ilala

Mwalimu shikamoo, umeshusha nondo. Ila Zanzibar mbona umeipitia juujuu? Nani alimwambia Jackson kuna kisiwa kinaitwa Zanzibar, maana sidhani kama alikuwa anakijua hata kwenye ramani.

Msomi wa Daladala

Dada umeuliza swali la msingi kuliko mwenye uzi 😂

Mpemba wa Kariakoo

Hapo ndipo pangu, maana watu wa bara mkiongelea mkataba ule mnauongelea kama vile Jackson alitoka Ikulu akapanda jahazi.

Mwenye mkataba ule hasa ni mfanyabiashara mmoja wa Portsmouth, New Hampshire, akiitwa Edmund Roberts. Alifika Zanzibar 1827 kutafuta biashara, akakuta mambo hayamwendei anavyotaka, Mwanzoni mwa 1828 Seyyid Said mwenyewe akawa yupo Unguja, Roberts akaenda kumlalamikia uso kwa uso. Na tazama akili ya Sultan, badala ya kumfukuza akamwambia basi serikali yenu ije tuandikiane. Yani aliyefungua mlango ni Said kabla Jackson hajawa rais. Roberts akarudi kwao na bahati yake ni kwamba alikuwa na rafiki, Levi Woodbury, seneta wa New Hampshire, ambaye 1831 Jackson alimpa uwaziri wa jeshi la majini. Basi hapo faili likapata miguu.

Safari ikafanywa kimyakimya. Januari 1832 Roberts akapewa maagizo kama mjumbe maalum wa rais lakini kwenye manowari ya Peacock akaandikwa kama karani wa nahodha, watu wasijue, hasa Waingereza. Walizunguka Asia kwanza, 20 Machi 1833 wakasaini na mfalme wa Siam, Thailand ya leo, Vietnam wakagonga mwamba, ndio wakaja Maskati Septemba. Kwa Said haikuchukua muda, siku chache tu wamemaliza.

Masharti sasa. Meli za Marekani kuingia bandari zote za Sultan, kuuza na kununua na mtu yeyote bila serikali kuwapangia bei, ushuru asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa na basi, hakuna ada nyingine. Isipokuwa bunduki, baruti na risasi, hizo kisiwani Unguja haziuzwi kwa mtu ila kwa serikali. (Mzee hakuwa mjinga, asingekubali kila mwenye chuki naye ajipatie bunduki gati ya mbele ya nyumba yake.) Meli yao ikivunjika kwenye pwani zake, mabaharia watalishwa na kutunzwa kwa gharama za Sultan mpaka warudi kwao. Na rais wa Marekani ataweka konsuli, yani mwakilishi wake, ambaye Wamarekani wakigombana wenyewe kwa wenyewe yeye ndiye hakimu wao.

Lile la meli kuvunjika lilitumika haraka kuliko walivyodhani. Seneti yao imepitisha mkataba Juni 1834, Roberts anarudi 1835 kubadilishana hati, Peacock ileile ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah pwani ya Omani. Wakatupa mizinga baharini kuipunguza uzito, Roberts akakimbilia Maskati kwa boti ndogo, Sultan akatuma msaada. Hati zikabadilishwa 30 Septemba 1835. Maskini Roberts hakula matunda, alifariki Macau Juni 1836 kwenye safari hiyohiyo.

Kijana wa Tandika

Mpemba asante sana kaka, hii ya kuandikwa karani wa nahodha sikuwahi kuisikia popote. Sasa kwa nini Said awataka Wamarekani na sio Waingereza ambao walishakuwa na nguvu zote hii bahari?

Mpemba wa Kariakoo

Kwa sababu hiyohiyo, kwamba walikuwa na nguvu zote. Waingereza 1822 walishamsainisha mkataba wa Moresby unaombana asiuze watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na kila wakija wanakuja na sharti jipya. Mmarekani amekuja anaulizia pembe za ndovu, sandarusi (gundi ya miti) na ngozi tu, hana shamba analolitaka, hana koloni India la kulilinda. Na biashara ilikuwa tayari ipo, Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za nje zilizotia nanga Unguja zilikuwa 41, katika hizo 32 ni za Wamarekani, nyingi za kutoka Salem, Massachusetts. Waingereza saba. Sasa ungekuwa wewe ungemkumbatia nani?

Dobi Mwenye Digrii

Naona mnamsifia Jackson na Sultan kwa zamu, sasa mi niharibu sherehe kidogo.

Kwanza, jamaa alikuwa na shamba lake la pamba la Hermitage karibu na Nashville lililolimwa na watumwa zaidi ya mia. Seyyid Said naye mashamba yake ya mikarafuu Unguja yalilimwa na nani? Kwaiyo ule "urafiki na biashara" ulisainiwa kwa niaba ya mabwana shamba wawili, mmoja pamba mwingine karafuu, na ndo maana humo ndani hamna hata mstari mmoja unaomgusa mtumwa. Anayesema Mmarekani alikuja bila masharti aongezee na sababu yake, asingeweza kumwekea mwenzie sharti la kitu anachofanya nyumbani kwake. Na zile pembe zinatoka bara huku, zinabebwa na watu mabegani kutoka Tabora na kwingine mpaka Bagamoyo, baadae zinaenda kuwa vinanda vya Connecticut, watoto wa matajiri wanajifunza muziki.

Pili, huo "upole" wake uangalieni na Sumatra. Februari 1831 meli ya pilipili manga inaitwa Friendship, ya Salem hiyohiyo, ilivamiwa Kuala Batu, mabaharia watatu wakauawa. Jackson akatuma manowari Potomac chini ya John Downes, na maagizo yalikuwa waulize kwanza, wadai fidia, ikishindikana ndo wapige. Downes kafika Februari 1832 hajauliza mtu, kashusha askari alfajiri, ngome zimechomwa, wamekufa watu zaidi ya mia, wanawake wamo. Magazeti mengine ya kwao yalipiga kelele, rais akamtetea kamanda wake hadharani. Linganisheni tarehe. Mwezi uleule ambao Kuala Batu inaungua, Roberts ana barua mkononi anasubiri Peacock ing'oe nanga. Ufaransa hawajalipa miaka mingapi, wakaandikiwa barua. Wamalay wameua watatu, wakachomewa mji. Sera ilikuwa moja ila kipimo kilikuwa una mizinga mingapi. Said alikuwa na manowari za kweli, kubwa tu, ndo maana alikuja kuongeleshwa na karani wa nahodha mwenye adabu.

Na nyumbani ndo usiseme, sheria ya kuwahamisha wenyeji kaisaini Mei 1830. Wale Wacherokee walikuwa na mikataba na serikali yake, imesainiwa ina mihuri kama ule wa Maskati. Iliwasaidia nini? Walitolewa kwa mtutu 1838, yeye kashaondoka madarakani, maelfu wakafia njiani.

Mwl Mstaafu Temeke

Dobi hapo kwenye Wacherokee nakuunga mkono mia kwa mia, na wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia hivyohivyo, sera ya nje na ya ndani za Jackson zilitenganishwa na mstari ambao aliuchora yeye mwenyewe, kwamba huyu ni taifa na huyu ni mpangaji. Lakini kwenye kipimo cha mizinga nitabisha kidogo. Mexico ilikuwa dhaifu na Jackson aliitamani Texas mpaka mate yanamtoka, alimtuma Anthony Butler akainunue, jamaa akahangaika huko miaka kadhaa na mipango ya rushwa, akarudi mikono mitupu. Texas walipojitenga 1836 chini ya Sam Houston, mshikaji wake wa zamani kabisa, kila mtu alijua Jackson atairukia. Hakuirukia. Alisubiri mpaka tarehe 3 Machi 1837, siku moja kabla hajakabidhi ofisi, ndo akaitambua Texas kama nchi, kuiunga na Marekani hakuigusa. Aliogopa suala la utumwa lisije kupasua chama chake na uchaguzi wa Van Buren, makamu wake aliyekuwa anagombea kumrithi. Kwaiyo hesabu ya kura nayo ilikuwepo, sio mizinga tu.

Dobi Mwenye Digrii

Mwalimu, hapo umenisaidia mimi. Kajizuia kwa sababu ya kura za nyumbani sio kwa sababu ya heshima kwa Mexico.

Mwl Mstaafu Temeke

Nimesema hivyohivyo kijana wangu, soma tena taratibu.

Mama Ntilie wa Posta

Mmenogesha jamani, nasoma huku wali unaungua. Mi naomba kujua kitu kimoja tu, huyo konsuli aliyetajwa kwenye mkataba alikuja kweli? Na zile merekani zetu, vile vitambaa vya pamba ambavyo bibi zetu walikuwa wanavaa, zilikuja kwa mkataba huu?

Mpemba wa Kariakoo

Alikuja mama. Richard Waters, mtu wa Salem, uteuzi wake ni wa 1836 chini ya Jackson huyuhuyu, Unguja kafika Machi 1837 Jackson ndo kwanza ametoka Ikulu. Konsuli huku mfanyabiashara huku, kofia mbili. Na vituko vyake ni kwamba alikuwa mlokole anayechukia utumwa kwenye shajara zake, huku dili zake zote zinapita kwa Jairam Shivji, yule Mhindi wa Kachi (Kutch) aliyekodi forodha ya Sultan, wakapanga mambo yao wawili mpaka Wamarekani wenzake na Waingereza wakawa wanalalamika kwamba soko limefungwa. Ile bandari huria iliyoandikwa Maskati ikawa na mlinzi getini na mlinzi mwenyewe konsuli.

Merekani zilianza kuja kabla ya mkataba, ila baada ya hapo ndo zikamiminika. Viwanda vya Massachusetts, pamba ya watumwa wa kusini, kitambaa kigumu hakichakai, kikawa fedha kabisa, msafara ukienda bara unabeba doti za merekani kulipia chakula, hongo kwa machifu, kila kitu. Waingereza walijaribu kuiga hawakuweza kwa muda mrefu. Walichofanya ni kuja kusaini mkataba wao wenyewe 1839, Ufaransa 1844, wote wanapita kwenye njia ya Roberts.

Binti Ilala

Na sisi hatukuwahi kwenda kwao? Yani safari zote ni za kuja tu?

Mpemba wa Kariakoo

Tulikwenda dada. 1840 Seyyid Said alituma meli yake Sultana mpaka New York, imefika 30 Aprili, mkuu wa safari na biashara yake ni Ahmad bin Naaman. Wamebeba karafuu, pembe, kahawa, tende, na zawadi za rais, farasi wawili wa Kiarabu wakiwemo. Ikulu kwa wakati huo yupo Van Buren, na katiba yao hairuhusu rais kupokea zawadi ya mfalme hivihivi, basi bunge zima likakaa kujadili farasi wa Sultan. Mwisho serikali ikazichukua zawadi, farasi wakauzwa. Wao kulipa fadhila wakaitengeneza Sultana upya kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn bila kudai senti, maana ilifika imechoka hasa. Ahmad bin Naaman alichorwa picha na msanii wa kule, kilemba kichwani, jambia kiunoni, ukiitafuta utaiona.

Msomi wa Daladala

Ngoja ngoja, yani bunge la Marekani limekaa kikao kwa ajili ya farasi wa Unguja? Na Jackson mwenyewe alikuwa anasemaje?

Mwl Mstaafu Temeke

Jackson wakati huo yuko zake Hermitage, mzee, mgonjwa, madeni yamemuandama na yeye, anaandika barua za kushinikiza Texas iunganishwe. Aliishi kuona bunge limepitisha hilo Machi 1845, Juni tarehe 8 mwaka huohuo akafariki. Sijawahi kukutana na barua yake yoyote inayoitaja Zanzibar zaidi ya zile za kiofisi. Kijana wa Tandika, kama unataka kuendelea na huyu bwana mtafute kwenye vita vyake na Benki ya Taifa, huko ndo alikuwa na moto wake hasa, ila hiyo uifungulie uzi wake maana Dobi na mimi tutakesha.

Dobi Mwenye Digrii

Fungua sasa hivi, nipo.